Sura ya 5: Anga Jeupe, Uso Gizani

Kwa nini picha niliyopiga haifanani na nilichokiona kwa macho yangu? Hakuna anayeanza kupiga picha asiyeuliza swali hili, na pale Nyamongo, wilayani Tarime mkoani Mara, linaulizwa mara nyingi zaidi. Jua la kule ni kali, mapaa ni ya bati, madirisha ya nyumba nyingi ni madogo, na watu hupenda kukaa barazani, nusu kivulini na nusu juani. Uko ndani ya duka, na mama mwenye duka amesimama mlangoni. Kwa macho unamwona yeye, unaona kitenge chake, unaiona barabara ya vumbi jekundu nyuma yake, na juu ya barabara unayaona mawingu yaliyojipanga upande wa Serengeti. Ukitazama simu, umepata nusu tu. Ama mawingu yametokea na uso wa mama umezama gizani, ama uso wake umetokea na mlango umegeuka weupe mtupu.

Sura hii inaeleza mbinu inayojulikana kwa herufi tatu utakazozikuta kwenye kamera ya simu yako: HDR. Kazi yake ni kukusanya mwanga mkali na mwanga hafifu katika picha moja. Wengi huitumia kuyapa mawingu makeke na rangi za kushtua. Mimi naifundisha kwa sababu nyingine. Naamini aliyeko kivulini ana haki ya kuonekana sawa na mlima ulioko juani, na HDR ikitumiwa kwa kiasi humpa haki hiyo.

Jicho hupima mara nyingi, kamera mara moja

Ukitoka juani ukaingia chumba chenye giza, mwanzoni huoni kitu. Kisha kiti kinajitokeza, halafu meza, halafu sura za waliokaa. Mboni ya jicho inaweza kupanuka kutoka milimita 2 hadi karibu 8, na utando ulio nyuma ya jicho nao hujirekebisha kulingana na giza. Isitoshe, jicho halitulii. Linatazama uso, linahamia mlangoni, linarudi, na kila linapohama linajipima upya. Ubongo huunganisha vipande hivyo, nawe unaamini kwamba umeviona vyote kwa wakati mmoja.

Kamera haina muda huo. Inafunguka, inapokea mwanga kwa kipimo kimoja, inafunga. Ndani yake mna sensa, yaani kibamba chenye mamilioni ya vipokea mwanga vidogo mno viitwavyo pikseli. Pikseli iliyopata mwanga kupita uwezo wake huandika nyeupe tupu. Iliyopata mwanga kidogo mno huandika nyeusi yenye chenga. Nafasi iliyopo kati ya ncha hizo mbili ndiyo upana wa mwanga wa kamera.

Wanaonunua dhahabu Nyamongo wanalijua jambo hili kwa upande wa uzito. Mizani ya gramu haiwezi kubeba gunia la mahindi, na mizani ya gunia haihisi punje ya dhahabu. Anayetaka kupima vyote viwili hutumia mizani mbili, kisha huandika majibu katika daftari moja. HDR inafanya hivyo hivyo: picha moja hupima mwanga mkali, nyingine hupima mwanga hafifu, na majibu yote huandikwa katika picha ya mwisho.

Stopu: hesabu ya maradufu

Wapiga picha hupima tofauti za mwanga kwa stopu. Kuongeza stopu 1 ni kuongeza mwanga maradufu. Kupunguza stopu 1 ni kuukata nusu. Kwa hiyo stopu 3 ni mara 8, na stopu 10 ni mara 1,024.

Sasa turudi dukani na hesabu hiyo. Mwanga unaoangukia mahali hupimwa kwa laksi. Jua la mchana lisilo na wingu hutoa takriban laksi 100,000. Ndani ya chumba chenye dirisha dogo unaweza kukuta laksi 100 au pungufu. Tofauti ni mara 1,000, yaani karibu stopu 10. Ongeza hapo tofauti ya vitu vyenyewe, kwa sababu shati jeupe hurudisha mwanga mwingi kuliko suruali nyeusi, kiasi cha stopu 4 hivi. Jumla inafika stopu 14. Kamera kubwa na nzuri za leo hukamata stopu 12 hadi 14. Simu, kwa kuwa sensa yake ni ndogo, hukamata pungufu ya hapo kwa picha moja.

Kuna ugumu wa pili unaosahaulika. Hata ukikusanya mwanga wote, lazima uuonyeshe mahali. Karatasi iliyochapwa picha huweza kuonyesha tofauti ya takriban mara 100 tu kati ya weupe wake na weusi wake, ambayo haifiki stopu 7. Kwa hiyo HDR ina kazi mbili: kukusanya mwanga mpana, na kuubana uenee kwenye karatasi au kioo cha simu bila kuua sura ya kitu. Kazi ya kwanza hufanywa na kamera. Ya pili inataka jicho la mtu na busara yake, na picha nyingi huharibikia hapo.

*Kwa ufupi:*
- Jicho hujipima upya kila linapohama. Kamera hupima mara moja.
- Stopu 1 ni maradufu au nusu ya mwanga.
- Mlango wa duka wakati wa mchana unaweza kuzidi uwezo wa picha moja.
- HDR hukusanya, kisha hubana.

Nani hutiwa gizani?

Kamera ikiachwa iamue yenyewe, huchukua wastani wa mwanga wote ulio mbele yake na kuuweka katikati, kwenye kijivu. Anga jeupe likijaza nusu ya picha, wastani hupanda. Kamera inapunguza mwanga. Mtu anageuka kivuli. Mwenye ngozi nyeusi ndiye hupoteza zaidi, kwa sababu uso wake tayari uko karibu na ile ncha yenye chenga.

Uamuzi wa nani awe kipimo hufanywa na watu. Kuanzia miaka ya 1950, maabara za kusafisha picha za rangi zilirekebisha mashine zao kwa kutumia kadi za kampuni ya Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zikajulikana kama kadi za Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Wengine wote walipimwa kwa ngozi hiyo. Mwaka 2021, Google ilipotoa simu ya Pixel 6, ilitangaza waziwazi kwamba imerekebisha kamera yake ili iwatendee haki watu wenye ngozi nyeusi. Kati ya kadi zile na simu hii pamepita miongo kadhaa, na muda wote huo mpiga picha aliyejua kazi yake alilazimika kuipinga mashine ili mteja wake aonekane.

Ndiyo maana Nyamongo ni mahali pazuri pa kujifunzia. Jina hilo likitajwa, wengi huona mgodi wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002: mashimo ya Nyabirama na Gokona, malori makubwa, vilima vya kifusi. Vyote hivyo viko juani, na simu yoyote huvikamata bila taabu. Lakini fundi cherehani, kinyozi, mwanafunzi kwenye dawati la nyuma, na bibi anayesonga ugali wa udaga jikoni, wote wako upande wa kivuli. Anayejua kupima kivuli ataionyesha Nyamongo ambayo picha za mgodi haziionyeshi.

Wazo la zamani kuliko kompyuta

Ugumu huu una umri karibu sawa na upigaji picha wenyewe. Katika miaka ya 1850, Mfaransa Gustave Le Gray alipiga picha za bahari wakati ambapo kemikali zilizotumika zilishindwa kukamata maji na mawingu kwa pamoja. Alitumia negativu mbili, moja ya anga na nyingine ya maji, akazichapa kwenye karatasi moja. Karne moja baadaye, Mmarekani Charles Wyckoff alitengeneza filamu yenye tabaka zinazohisi mwanga kwa viwango tofauti, ili kupiga picha za milipuko ya nyuklia. Mwaka 1997, Paul Debevec na Jitendra Malik walieleza jinsi kompyuta inavyoweza kuchukua picha kadhaa za mahali pamoja, zenye viwango tofauti vya mwanga, ikakokotoa mwanga halisi uliokuwepo. Mwaka 2010 mbinu hiyo ikaingia kwenye iPhone, na kutoka hapo ikaenea hadi kwenye simu tunazonunua madukani kwetu.

Mfano mmoja unaokaribiana na mbinu hii ulitokea wilaya ya jirani. Mwaka 2015, Mmarekani Stephen Wilkes aliweka kamera yake mahali pamoja huko Seronera, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, karibu na maji ambayo wanyama walikuwa wakiyafuata wakati wa ukame. Alikaa hapo saa 26 bila kuhamisha kamera, akapiga picha zaidi ya 2,000, kisha akachagua vipande vya alfajiri, mchana, jioni na usiku, akaviunganisha kuwa picha moja. Kazi ile si HDR kamili, maana yeye aliunganisha nyakati, na HDR huunganisha viwango vya mwanga vya wakati mmoja. Lakini msingi ni ule ule: kamera isitikisike, picha ziwe nyingi, na mtu achague kila kipande kwa makini.

Vifaa vya kuanzia

Huhitaji kamera ya bei kubwa. Andaa hivi:
- Simu yenye sehemu ya HDR. Ikiwa na sehemu ya kupanga kamera kwa mkono, ambayo mara nyingi huandikwa "Pro", ni vizuri zaidi.
- Stendi ya kamera, au mfuko mdogo wa mchanga wa kuegemeza simu juu ya ukuta au jiwe.
- Programu ya bure. Open Camera hupiga msururu wa picha zenye viwango tofauti vya mwanga kwenye simu za Android zinazoiruhusu. Snapseed husaidia kurekebisha picha baadaye.
- Kitambaa laini. Nyamongo ina vumbi, na lenzi yenye vumbi ikielekezwa kwenye mwanga hutoa ukungu ambao HDR itauongeza.

Jaribio la kwanza: kuufahamu ukuta

Zima HDR. Simama ndani ya chumba, mwenzako asimame mlangoni akikutazama, na nyuma yake pawe na jua. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, piga. Gusa barabara iliyoko nje, piga tena. Ziweke picha hizo mbili pamoja na uzitazame bila haraka. Ya kwanza ina uso na haina nje. Ya pili ina nje na haina uso. Huo ndio ukuta ambao sura hii inajaribu kuupanda.

Kisha rudia jaribio hilo kwa nyakati tofauti za siku. Nyamongo iko karibu nyuzi 1.5 kusini mwa ikweta, magharibi mwa mstari ambao saa za Afrika Mashariki hufuata. Kwa hiyo jua hufika kilele chake karibu saa 6 na dakika 40 mchana. Wakati huo bati humeta, na vivuli hukaa chini ya kofia na ndani ya matundu ya macho. Saa 2 asubuhi na saa 11 jioni jua huingia kwa ubavu, nuru hupenya mlangoni, na tofauti kati ya ndani na nje hupungua. Mara nyingine dawa ya picha mbaya ni kurudi baadaye.

Jaribio la pili: HDR ya simu

Sasa iwashe. Piga picha ile ile ya mlangoni. Simu nyingi za kisasa hupiga msururu wa picha fupi kwa kasi, huzilinganisha, huchukua sehemu zilizo bora na kuziunganisha kabla hujaondoa kidole. Utaona anga limerudi na uso umeinuka.

Kuza picha na kagua sehemu tatu: macho, ukingo kati ya nywele na mwanga, na ngozi ya shavu. Macho yaonekane. Ukingo usiwe na mng'ao mweupe. Ngozi ibaki na rangi yake. Kama ngozi imepauka na kuwa kijivu, simu imeinua kivuli kupita kiasi. Telezesha alama ya jua iliyo pembeni ya kioo, shusha mwanga kidogo, piga tena. Mtu mweusi hatakiwi kung'arishwa ili aonekane. Anatakiwa apimwe vizuri.

Jaribio la tatu: picha tatu kwa mkono wako

Jaribio hili ndilo litakalokufundisha zaidi. Tafuta mwinuko unaotazama kusini magharibi, kuelekea bonde la Mto Mara. Mto huo huanzia nyanda za Mau nchini Kenya, hupita Maasai Mara na kaskazini mwa Serengeti, kisha hupita kusini mwa Nyamongo ukielekea Ziwa Victoria. Ng'ambo yake ni Wilaya ya Serengeti. Nenda jioni, jua likiwa limeinama nyuma ya wingu.

1. Weka simu kwenye stendi na uielekeze bondeni.
2. Fungua sehemu ya kupanga kwa mkono. Weka ISO 100. ISO ni kiwango cha usikivu wa sensa. Ikiwa chini, chenga hupungua.
3. Funga uwiano wa rangi kwenye alama ya jua, ili wekundu wa udongo usibadilike kati ya picha moja na nyingine.
4. Washa kipima muda cha sekunde 2, ili kidole chako kisiitikise simu.
5. Piga picha tatu kwa kubadilisha shata tu. Shata ni muda ambao sensa hupokea mwanga. Anza na 1/500 ya sekunde kwa ajili ya anga, kisha 1/125, kisha 1/30 kwa ajili ya bonde na nyumba.

Kati ya picha moja na inayofuata pana stopu 2, maana mwanga umeongezeka mara 4. Kutoka ya kwanza hadi ya mwisho umeongeza mara 16. Namba hizi ni za kuanzia. Jioni yenye wingu zito itadai muda mrefu zaidi. Fanya haraka, kwa sababu karibu na ikweta jua huzama kwa mteremko mkali, na giza huingia dakika 20 na kitu baada ya jua kupotea.

Ziunganishe picha hizo kwenye programu inayotoa huduma hiyo, kisha anza kubana. Shusha mwanga mkali mpaka mawingu yawe na umbo. Inua kivuli mpaka uweze kutofautisha mti na nyumba, halafu rudi nyuma kidogo. Bonde la jioni linastahili kubaki jeusi kuliko anga. Ukilifanya sawa na anga, umeufuta wakati wenyewe, na mtazamaji hatajua kama ilikuwa saa 6 mchana au saa 12 jioni.

Jaribio la nne: kitu kinachotembea

Subiri ng'ombe wanaporudi nyumbani, jambo usilolikosa katika nchi ya Wakurya, na upige tena picha tatu. Utakapoziunganisha, ng'ombe mmoja atakuwa na miguu minane, na bodaboda itakuwa na kivuli chake kinachoifuata. Picha tatu zilipigwa kwa nyakati tatu, na kilichotembea hakikuwa mahali pamoja.

Hapo acha msururu, piga picha moja katika faili ghafi, yaani faili inayohifadhi kile sensa ilichopokea kabla simu haijaamua lolote. Picha ya kawaida ya JPEG huhifadhi ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. Faili ghafi ya kamera yenye biti 14 huhifadhi ngazi 16,384. Pima mwanga kwa ajili ya anga, kisha inua kivuli nyumbani. Weupe uliojaa haurudi kamwe, lakini ndani ya giza la faili ghafi bado mna kitu cha kuokoa.

Adabu ya kupima kivuli

Mbinu inayoona ndani ya nyumba inahitaji ruhusa ya mwenye nyumba. Anza na salamu kabla ya kutoa simu: "Shikamoo mama. Naomba kukupiga picha ukiwa hapa mlangoni, nawe utaiona kwanza." Akikataa, shukuru uondoke. Mtu aliyekaa kivulini huenda alichagua kukaa hapo, na kivuli chake ni chake. Mageti ya mgodi, walinzi na vituo vya polisi usivielekezee kamera.

Muhtasari wa sura

- Tumia HDR pale ambapo mwanga mkali na kivuli vyote vina jambo muhimu. Kama anga halina kitu, pima uso na uache anga liende.
- Kamera ikae imara. Kitu kinachotembea kipigwe kwa faili ghafi moja.
- Inua kivuli mpaka macho yaonekane, na uache kabla ngozi haijapauka.
- Jioni ibaki jioni. Tofauti ya mwanga ndiyo inayotuambia saa na mahali.
- Ruhusa hutangulia picha.

Zoezi la wiki hii ni moja. Chagua watu wanaofanya kazi ndani, mbali na jua: kinyozi, fundi cherehani, mpishi wa mgahawa, mwalimu ndani ya darasa. Piga kila mmoja mara mbili, HDR ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa, kisha waonyeshe wao wenyewe picha hizo na uwaulize ni ipi wanayofanana nayo. Wanaijua ngozi yao na vyumba vyao kuliko kampuni yoyote iliyotengeneza simu yako. Jibu lao ndilo liwe kipimo chako.